Gauni la Mikono Mirefu

Mafuta ya Mama Kopo, Mungu amrehemu, hayakuingia kwenye chombo cha mtu yeyote kabla hayajakaa siku tatu kwenye mkono wake mwenyewe. Alikunja gauni upande wa kushoto mpaka juu ya kiwiko, akapaka kipande cha ngozi ukubwa wa kiganja cha mtoto, kisha akaendelea na shughuli zake pale uani: kuchuja, kuanika vitambaa, kusugua sufuria, kugombana na kuku wa jirani. Siku ya tatu aliutazama mkono. Ukiwa umewasha au kutoa hata kipele kimoja, sufuria nzima ilikwenda kwa fundi seremala apake bawaba za milango. Majirani walikuwa wakimtania kwamba milango ya mtaa mzima hailii kwa sababu ya makosa yake.

Alianza kazi hiyo kwa shida ya viganja. Mumewe alipofariki aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, na ile sabuni ya mashuka ilimpasua vidole mpaka akawa anashindwa kufunga vifungo vya nguo za watoto. Akachemsha ufuta, akatia nyonyo kidogo na nta ya nyuki, akajipaka. Wenzake wakaona nyufa za vidole zimefunga, wakaomba. Hakuwa na chupa za kuwapa, kwa hiyo kila mmoja alikuja na kopo lake, la maziwa, la kahawa, la rangi lililooshwa vizuri. Jina likamganda. Hata kwenye nyumba ya ibada, akitangazwa kwamba ameleta maua, alitangazwa kama Mama Kopo.

Baada ya miaka thelathini ule mkono wa kushoto haukufanana na wa kulia. Ulikuwa na mabaka, vikovu, sehemu laini na sehemu iliyokauka. Mgeni akimuuliza kama ana cheti cha kazi, aliuinua juu.

"Mimi sikusoma sana, mwanangu. Huu ndio uliosoma."

Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda hata alipokuwa mtu mzima, aliuonea haya mkono huo tangu akiwa shule. Siku za wazazi kutembelea madarasa alikuwa akiomba moyoni kuwe na baridi, mama avae sweta.

Kitinda alimaliza kidato cha nne akapata kazi duka la vipodozi. Alipoanza, wateja walikuwa wakiuliza krimu ya kuchubua, dawa ya kulainisha nywele, poda ya kuficha chunusi. Akiwa hapo hapo kaunta aliona mambo yanageuka. Wanawake wakaanza kukata nywele zilizoungua kwa dawa na kuzifuga upya, wakaanza kusoma maandishi madogo nyuma ya chupa, wakarudisha mikorogo yao wakisema wamechoka kuwa na uso wa rangi moja na vidole vya rangi nyingine. Sasa walitaka mafuta ya asili, sabuni ya asili, na neno "asilia" lingeandikwa hata kwenye kiberiti lingekiuza. Kitinda alipanga rafuni vichupa vidogo vilivyotoka mbali, akavinusa, akagundua kwamba kilichomo ndani ni ufuta na nyonyo.

Siku hiyo alirudi nyumbani mbio mbio.

"Mama, tumekalia mali!"

"Nimekalia kigoda, mwanangu. Sogea hapo, unanikinga mwanga."

Lakini alimsikiliza. Mama Kopo alikuwa mtu wa kumsikiliza mwanawe aliyesoma. Walikubaliana kununua chupa za kioo, wakabandika lebo yenye jani la kijani, Kitinda akafungua ukurasa kwenye simu. Akaacha kazi dukani. Alikuwa na jicho la picha, hilo hata walio na kinyongo naye wanalikubali. Alimpiga mama video akikoroga sufuria kwa mwiko, mvuke ukimzunguka usoni, na watu wasiomjua wakaandika chini kwamba huyu ndiye mama wa taifa.

Tatizo lilikuwa mkono. Kila video nzuri ilikuwa nao katikati.

"Mama, nimekununulia gauni," Kitinda alisema asubuhi moja. Lilikuwa la kitambaa kizito cheupe, mikono mirefu yenye vifungo mpaka kwenye vifundo.

"La kwendea wapi?"

"La kazini. Tukirekodi."

"Nichemshe mafuta na mikono imefungwa hivi, kama napeleka barua ikulu?"

"Mama, wateja wanaona ule mkono, wanaogopa. Mtu anauza mafuta ya ngozi halafu ngozi yake mwenyewe…" Hakumaliza.

Mama Kopo aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mtoto aliyesemwa vibaya na mgeni. Kisha akachukua gauni, akalipima kifuani.

"Ni zuri," alisema. "Limenipendeza." Akaingia ndani kubadilisha.

Kitinda aliusikia ule ukimya uliotangulia neno "zuri". Aliusikia vizuri, akaamua ni wa furaha.

Mwaka huo huo ukaingia mtindo wa ndimu. Kila ukurasa ulisema ndimu inang'arisha, ndimu inaondoa madoa, tena ni tunda, nani amewahi kudhuriwa na tunda? Wateja wa Kitinda wakaanza kuuliza. Akakamua ndimu kilo kadhaa, akakwangua maganda yake ya kijani yenye mafuta mafuta, akamwomba mama aviingize kwenye sufuria.

"Ndimu mimi naijua kwenye chakula na kwenye kusugulia sufuria," mama alisema. "Ya kulala nayo usoni siijui."

"Ndiyo tuipime basi. Si una siku tatu zako?"

Wakaipima. Zilikuwa siku tatu za kurekodi, jua kali, Mama Kopo akihangaika uani kuanzia asubuhi mpaka jioni ndani ya gauni lake jeupe, vifungo vimefungwa mpaka kwenye vifundo. Siku ya tatu jioni alifungua vifungo chini ya taa ya sebuleni. Ngozi haikuwa na kitu. Ilikuwa hata imelainika.

Bado akakunja uso. "Nipe tatu nyingine."

"Mama, siku tatu ni siku tatu. Umeniambia hivyo tangu sijajua kutembea. Watu wanasubiri."

Mama akasalimu amri. Chupa zikaondoka kesho yake.

Muuza nyanya alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukua. Ni mwanamke mwenye sauti ya kengele, na meza yake ipo upande wa soko usio na paa. Alijipaka usoni, shingoni na mikononi, akaenda kuuza nyanya. Siku ya pili akahisi moto. Siku ya tatu akaota malengelenge, na yalipokauka yakaacha mabaka meusi kuanzia shavuni mpaka kwenye mtulinga, kama mtu aliyemwagiwa chai ya rangi.

Alikuja nyumbani mchana na wanawake wawili wa kumshikia ushahidi. Kitinda alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, akifunga mzigo wa chupa. Alimjua kwa sauti kabla hajamwona.

"Mama Kopo! Toka nje uone kazi yako! Miaka yote nanunua kwako, leo umeniunguza kama mkaa! Mafuta haya yamepikwa na nani?"

Ukapita muda mfupi sana. Kitinda ameupima muda huo mara nyingi tangu wakati ule, na kila akiupima anaona ulitosha. Ulitosha kabisa kuvuta pazia na kusema maneno manne. Badala yake alishika gundi kwa mkono mmoja na chupa kwa mkono wa pili, asijikune, asikohoe.

"Nimepika mimi," mama alisema nje. "Kaa kwanza, mwanangu. Hebu nione."

"Usiniguse! Mzee mwongo wewe! Eti siku tatu, siku tatu! Umeacha kupima, unacheza na kamera!"

Wakaondoka wakiongea. Mama akabaki amesimama uani. Baadaye akafanya jambo ambalo Kitinda alilishuhudia kupitia upenyo wa pazia. Alivua gauni la mikono mirefu, akavaa lile lake kuukuu, akajipaka mafuta ya ndimu kwenye mkono wa kushoto, akaketi juani. Alitaka kujua kama mwanamke yule amesema kweli. Kesho yake akaketi tena. Siku ya tatu mkono ulikuwa umetoa malengelenge manne makubwa.

Wakaenda pamoja kwa mfamasia. Yeye hakuhitaji hata miwani.

"Mmetia ndimu? Na ganda?" aliuliza. "Ikikaa kwenye ngozi, jua likaipiga, inaunguza. Ndani ya nyumba haina neno. Mlijaribia wapi, kivulini?"

"Juani," mama alisema. Kitinda akaona mkono wa kulia wa mama ukishuka taratibu kwenye kile kiwiko cha kushoto, mahali mkono wa gauni jeupe ulipokuwa. Alikuwa ameelewa, na Kitinda naye akaelewa. Njiani kurudi nyumbani mama alizungumzia bei ya vitunguu.

Kama aibu ingekomea hapo ingebebeka. Lakini zile simu za wateja hazikunyamaza, wengine wameungua kidogo, wengine wameungua sana, wote wanataka jibu. Kitinda akafuta video za ndimu. Kisha akaandika, na kwa kuwa alikuwa na ufundi wa maneno, akaandika vizuri: kwamba wanasikitika, kwamba mtengenezaji wao ni mama mzee ambaye kwa bahati mbaya alikosea katika upimaji, kwamba kuanzia sasa usimamizi wote uko chini ya kizazi kipya. Alisoma mara mbili, akabonyeza. Watu wakampongeza kwa uwazi.

Alijituliza kwa kujiambia kwamba mama hasomi simu. Maandishi ni madogo, macho yenyewe yamechoka.

Mama Kopo alikwenda sokoni kwa miguu yake, akampelekea muuza nyanya dawa aliyoandikiwa na mfamasia. Muuza nyanya akaipokea na kumtukana mbele ya watu. Mama akasema, "Una haki," akarudi. Baada ya hapo makopo yakaacha kuja. Wale wa zamani, wa tangu hospitali, waliopita getini walisalimia wakiwa wanatembea. Walisema amezeeka, hapimi tena. Alichemsha kidogo kwa ajili ya viganja vyake na vya mdogo wake, fundi cherehani, basi. Miezi saba baadaye, asubuhi, shinikizo la damu likamwangusha mlangoni pa jiko, na jioni hakuwepo tena.

Siku ya nne ya msiba, watu walipopungua, Kitinda alikuwa akiosha vikombe na huyo fundi cherehani, mama yake mdogo. Mama mdogo ana mdomo mwepesi lakini siku hizo alikuwa ameufunga. Akawa anafuta kikombe kimoja muda mrefu.

"Ule ukurasa wako bado upo?"

"Upo, mama mdogo."

"Na yale maneno? Ya mzee aliyekosea?"

Maji ya beseni yalipoa ghafla, au ndivyo Kitinda alivyohisi.

"Nilimsomea mimi," mama mdogo alisema. "Usinitazame hivyo. Aliniletea simu ya jirani, akasema kuna kitu mtoto kaandika, watu wanakisema, nisomee. Nikamsomea. Akaniambia rudia. Nikarudia."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kaandika vizuri. Tangu darasa la pili alikuwa anaandika vizuri.' Halafu akanikataza nisikwambie. Nimekaa nalo miezi saba, limenikaba, leo nimelitema. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe." Akaweka kikombe, akatoka nje na kitambaa mkononi.

Kwa miezi saba, kila asubuhi, mama alikuwa amemwamkia kwa jina, amemwachia chai ya kwanza ya birika, amemuuliza kazi ya simu inaendeleaje. Akijua.

Kitinda alisali, maana amelelewa hivyo. Alipiga magoti akaomba msamaha, maneno yakatoka kwa urahisi mpaka akayaogopa. Kumwambia Mungu hakukumgharimu kitu. Mungu alikuwepo siku ile nyuma ya pazia, alimwona na gundi yake mkononi. Wasiojua walikuwa wengine, na walikuwa wakiendelea kusema, hata pale matangani, kwa sauti ya chini, kwamba marehemu alikuwa mtu mzuri ila mwisho alizembea.

Akaanza kwenye ukurasa. Alifuta yale maneno, akaandika yaliyo kweli: ndimu ilikuwa yake, gauni lilikuwa lake, mama aliomba siku tatu za nyongeza akanyimwa. Kabla chai haijapoa mioyo myekundu ilikuwa imejaa chini ya maandishi. Watu wa mbali wakamsifu kwa ujasiri. Mmoja akauliza kama chupa ndogo bado zipo. Alizima simu akajisikia mchafu kuliko mwanzo, kwa sababu ameungama akapigiwa makofi.

Kwa hiyo Jumamosi, saa sita mchana, soko likiwa limefurika, akaenda upande usio na paa.

Muuza nyanya alimwona, akaendelea kupanga mafungu. Mabaka ya shingoni yalikuwa yamefifia, lakini yalionekana.

"Pole na msiba," alisema bila kuinua uso. "Mama yako tulikosana, ila nilikuja kuzika."

"Nilikuona, dada. Ahsante. Nimekuja kwa ajili ya yale mafuta."

"Yamekwisha hayo."

"Hayajaisha. Mama hakukosea. Ndimu nilitaka mimi. Alisema haijui, nikamlazimisha. Alipokuwa anapima nilimvalisha gauni la kumficha mkono, jua halikumpata, ndiyo maana hakuona. Akaomba siku nyingine, nikakataa. Ulipokuja nyumbani nilikuwa ndani. Nilikusikia kila neno."

Nyanya moja ilidondoka ikaviringika chini ya meza. Hakuna aliyeiokota.

"Ulikuwa ndani," muuza nyanya alisema.

"Nyuma ya pazia."

"Nikamwita mzee mwongo. Ukasikia."

"Nilisikia."

"Na alipokuja hapa, nikamwambia afe na sufuria zake. Ulijua?"

Hilo Kitinda hakulijua. Mama alirudi siku ile akasema tu kwamba dawa imepokelewa.

"Sikujua, dada. Nisamehe."

Muuza nyanya akainuka. Ni mwanamke mrefu. Kitinda akajiandaa kwa kofi, hata akalitamani.

"Unajua umenifanya nini? Uso utapona, huu, tazama, unapona. Lakini mimi nilimtukana mtu asiye na kosa, mtu aliyenipaka mafuta mimi na watoto wangu wanne, na nimemtupia udongo nikiwa na kinyongo. Sasa nitamwomba radhi wapi? Ehe? Niambie wewe uliyesoma. Niende kaburini nikaongee na nyasi? Ungekuja mwezi uliopita angalau! Mwezi uliopita alikuwa hai!"

Kitinda alikuwa amekuja kutua mzigo wake, na aliona kwa macho yake kwamba nusu yake ameitua mabegani mwa mtu mwingine.

"Usilie hapa," muuza nyanya alisema, naye mwenyewe akijifuta kwa kanga. "Kulia utalia kwenu. Umeniambia mimi peke yangu, tena kwa sauti ya kuku mgonjwa. Mimi nilimtukana kwa sauti gani?"

"Kubwa."

"Walisikia kina nani?"

Kitinda alitazama safu ile ya meza, wauza mboga, muuza ndizi, wauza dagaa, mpaka mwisho kabisa kwenye magunia ya vitunguu. "Wote."

"Basi panda." Alisukuma kreti tupu kwa mguu mpaka mbele yake. "Panda hapo. Na usiseme 'bahati mbaya'. Nilisomewa ile barua yako ya kwenye simu, bahati mbaya zako nimezichoka."

Akapanda. Kreti liliyumba, muuza nyanya akalikanyaga ukingo lisisogee. Jua lilikuwa utosini. Watu waligeuka mmoja mmoja, wengine wakidhani ni mahubiri, wengine wakidhani ni mnada.

"Mimi ni binti wa Mama Kopo," alisema. Akasema ndimu ni ya nani, gauni ni la nani, na siku tatu za nyongeza alizikataa nani. Meza za karibu zilinyamaza. Muuza ndizi, mmoja wa wale wanawake wawili wa ushahidi, alishika shavu, akageukia upande mwingine.

Kutoka mwisho wa safu, muuza vitunguu akapiga kelele huku amekinga sikio:

"Anasema nini huyo? Huku hatusikii!"

Kitinda alitazama chini. Muuza nyanya alikuwa bado amekanyaga ukingo wa kreti, hakumtazama wala hakuondoa mguu.

Akavuta pumzi, akaanza upya, tangu mwanzo.